Saa 96, siku 3, siku 10: uchambuzi wa safari moja ya Tanga hadi London

Ujumbe wa sauti uliingia Jumapili usiku, saa nne na robo. “Kaka, majibu ya korona ya mtoto yametoka. Niambie, tuna mpaka saa ngapi?” Nikamjibu: mwisho saa tatu kesho asubuhi, na hiyo saa tatu ikukute umeshasimama mbele ya dirisha la afya pale mpakani na Kenya, isikukute ndiyo kwanza unateremka kwenye gari. Ilikuwa tarehe 19 Septemba 2021. Yeye alikuwa Tanga, mimi Dar es Salaam, na safari tuliyokuwa tunaihangaikia ilikuwa ya London.

Mimi nakata tiketi za ndege. Mwaka ule kazi yenyewe iligeuka: mteja alikuja kuuliza nauli, akaondoka na karatasi iliyojaa tarehe na saa. Katika safari zote nilizozishughulikia kipindi cha korona, hii ya binti wa mjomba wangu ndiyo ninayoirudia kichwani mara kwa mara, kwa sababu karibu kila mtego uliokuwepo tulikutana nao, na mmoja tuliutega wenyewe. Nilimwomba ruhusa ya kuisimulia. Amekubali, ila jina lake lisitajwe.

Anaishi Uingereza kwa kadi ya ukaazi, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Baba yake, yaani mjomba wangu, alifariki Tanga siku ya Alhamisi, tarehe 2 Septemba, akazikwa siku hiyohiyo kabla ya magharibi. Kuwahi maziko kusingewezekana. Alikuja kwa ajili ya mama yake, akafika Jumapili tarehe 5 na mwanawe wa miaka tisa. Kazini walimpa wiki mbili. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Jumapili tarehe 19 usiku, Dar hadi Doha, Doha hadi London.

Alijua anachokirudia. Uingereza ilikuwa imewafungia mlango wasafiri wanaotoka Tanzania tangu tarehe 22 Januari 2021, siku moja na wanaotoka Kongo, kwa hofu ya aina ya kirusi iliyokuwa imegunduliwa Afrika Kusini. Aliyeruhusiwa kuingia ni raia wao au mwenye haki ya kuishi kule, naye kuanzia Februari alilazimika kukaa karantini ya siku kumi kwenye hoteli iliyopangwa na serikali, kwa gharama yake mwenyewe. Mwanzoni mtu mzima mmoja alilipa pauni 1,750. Agosti 12 ikapanda hadi 2,285. Mtoto wa miaka tisa, pauni 325. Jumla yao wawili ni pauni 2,610, ambayo kwa shilingi yetu ya wakati ule ilizidi milioni 8.

Na alikuwa amechanjwa dozi zote mbili, hukohuko Uingereza, cheti kiko kwenye simu. Hakikumsaidia chochote. Hili liliwasumbua wateja wengi na ilinibidi nilirudie kila siku pale kaunta: kwa anayetoka nchi iliyo kwenye orodha nyekundu, yaani zile walizozifungia mlango, chanjo haikuhesabiwa. Swali lao halikuwa “wewe u mzima?” Lilikuwa “umetoka wapi?” Binafsi sikuona haki katika hilo, hasa kwa nchi kama yetu ambayo iliacha kutangaza takwimu Mei 2020 tukiwa na wagonjwa 509 na haikuanza tena hadi katikati ya 2021. Asiyesema hali yake husemewa na wengine. Lakini kaunta si mahali pa kubishana na sheria ya nchi ya watu.

Ijumaa tarehe 17 jioni alikuwa na kadi ya benki mkononi, anataka kulipia hoteli, ndipo habari ikatoka London. Grant Shapps, waziri wao wa uchukuzi, ametangaza nchi nane zinaondolewa kwenye orodha nyekundu kuanzia Jumatano tarehe 22, saa kumi alfajiri. Uturuki, Pakistani, Misri, Bangladesh, Sri Lanka, Maldivi, Omani. Na Kenya.

Tanzania haimo. Nilimpigia palepale nikamwambia: usilipe kwanza.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Sheria ilimwangalia msafiri amekuwa wapi katika siku kumi kabla ya kukanyaga Uingereza, na ilitumia orodha ya siku ile anayofika, si ya siku aliyoondoka. Kwa hiyo akiingia Kenya kabla ya tarehe 22, Kenya ikiwa bado nyekundu, siku zake za kule hazipotei, mradi siku anayofika London Kenya iwe imeshatoka orodhani. Akishatimiza siku kumi kamili nje ya Tanzania, anaingia kama mtu wa Kenya tu, na hapo chanjo yake inaanza kuwa na maana: hakuna hoteli, hakuna karantini, anapimwa mara moja baada ya kufika, basi. Mtoto naye, kwa kuwa ni mkaazi wa kule na hajafika miaka 18, anamfuata mama yake.

Na kutoka Tanga mjini hadi Horohoro, mpakani na Kenya, ni kama kilomita 65, lami. Ng'ambo ya Horohoro ni Lunga Lunga, halafu Msambweni, Ukunda, Likoni. Likoni, Mombasa, anaishi shangazi yake, ambaye kwangu ni mama mdogo, na ambaye tangu msiba utokee alikuwa analalamika kwamba mtoto wa kaka yake amekuja kutoka Ulaya na hajafika kwake.

Kulikuwa na swali la kama hii ni ujanja. Aliniuliza mwenyewe, na nilimjibu ninavyoamini hadi leo: ujanja ni kudanganya kwenye fomu. Kukaa siku kumi mahali sheria inapotambua ni kuifuata sheria kwa herufi zake. Kama siku kumi za Likoni zilimfanya awe salama zaidi kwa Waingereza kuliko siku kumi za Ngamiani, Tanga, hilo waulizwe walioandika. Kirusi hakikuwa na habari na mstari wa Horohoro.

Sasa kosa letu. Ili aingie Kenya alihitaji cheti cha PCR, kipimo cha korona cha maabara, cha saa 96 zisizozidi. Chake kilikuwepo. Sampuli ilichukuliwa Alhamisi tarehe 16, saa tatu asubuhi, kwa ajili ya ile ndege ya Jumapili, na majibu yalikuwa hasi. Saa 96 kutoka hapo zinaishia Jumatatu saa tatu asubuhi. Vizuri kabisa. Ila mtoto hakuwa amepimwa, kwa sababu Uingereza haikudai kipimo cha kabla ya safari kwa mtoto wa miaka kumi kushuka chini, na mimi ndiye niliyemwambia dada asipoteze pesa. Kenya ilisamehe watoto wa chini ya miaka mitano tu. Huyu ana tisa.

Yaani mtoto yuleyule, pua ileile, kwa London ni mdogo mno na kwa Lunga Lunga ni mkubwa. Nilipanga safari kwa kuangalia mlango wa mwisho, nikasahau kwamba mpango ukibadilika, milango ya katikati nayo inabadilika.

Jumamosi asubuhi mtoto akapimwa. Kuanzia hapo saa mbili tofauti zikawa zinakimbia kwa pamoja: ya mama inaelekea kuisha, ya mtoto haijaanza kusomeka mpaka majibu yatoke. Jumapili mchana kimya. Jioni kimya. Nilianza kumuuliza kama tuanze upya, mama naye apimwe tena, waondoke katikati ya wiki. Lakini kila siku inayosogea ilisogeza pia siku ya kurudi kazini, na wenye kazi walikuwa wamekwisha kusema mwisho ni Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba. Majibu yakatoka saa nne usiku.

Waliondoka saa kumi na moja alfajiri kwa Noah ya jirani. Kituo cha pale ni cha pamoja, ukielekea Kenya unamaliza ya kutoka na ya kuingia upande wa pili, jambo lililotuokolea muda. Saa mbili na dakika kumi wakawa dirishani. Afisa akaelekeza simu kwenye alama ya QR. Mtandao ukazunguka, ukazunguka, ukagoma. Akaacha simu, akasoma karatasi. Cheti kilikuwa na mistari miwili ya muda, wa kuchukua sampuli na wa kutoa majibu, na majibu yalikuwa ya siku moja baadaye. Dada anasema alimwona akishusha kidole polepole, kikaupita mstari wa majibu, kikatua kwenye sampuli: tarehe 16, saa 09:05. Akatazama saa ya mkononi. “Mama, ungekunywa chai nyumbani leo, ungerudi Tanga.”

Naona tukio hili dogo linafundisha kuliko kurasa zote za matangazo. Watu wengi niliowahudumia walihesabu kuanzia siku waliyopokea majibu, kwa kuwa ndiyo siku cheti kilipofika mikononi mwao. Kwa mkaguzi, cheti kinazaliwa pale kijiti kinapotoka puani. Majibu yakikaa maabara siku mbili, siku mbili zimeliwa na hazirudi.

Mhuri ukapigwa: 20 SEP 2021. Nilimwambia apige picha ya ukurasa ule anitumie, na tiketi ya matatu, na risiti yoyote atakayopata, hata ya dukani.

Kuhesabu siku kumi nako kulikuwa na utata wake. Asubuhi ya tarehe 20 alikuwa Tanzania, kwa hiyo siku hiyo yote tuliihesabu kuwa ya Tanzania. Siku kumi safi ni kuanzia 21 hadi 30 Septemba. Angeweza kutua London tarehe 1 Oktoba. Nikamwekea tarehe 2, Jumamosi, siku moja ya akiba, maana sikutaka mtu wa kaunta aanze kubishana naye kuhusu asubuhi moja. Angengoja hadi Jumatatu tarehe 4 angekuta kanuni mpya, zilizowaondolea waliochanjwa kile kipimo cha kabla ya kuondoka, lakini Jumatatu hiyohiyo alitakiwa awe kazini amevaa sare.

Tiketi ndiyo ilinichosha. Ile ya awali ilianzia Dar. Kuna wateja wanaodhani unaweza kuruka kipande cha kwanza ukajitokeza kwenye cha pili. Ukifanya hivyo bila kuliarifu shirika, vipande vyote vilivyobaki vinafutika. Ilibidi tiketi iandikwe upya ianzie Nairobi, kabla ndege ya Dar haijaondoka, na tofauti ya nauli ilipwe. Nilipokuwa natafuta, mtandao uliniletea nauli nyingine ya chini sana, Nairobi hadi London kupitia Addis Ababa. Dada aliiona bei akaipenda. Lakini Ethiopia ilikuwa bado kwenye orodha nyekundu, na kwa kanuni zile, kushuka kwenye ndege ukangojea nyingine ni kuwa umepita katika nchi hiyo, hata kama hukutoka nje ya uwanja. Saa mbili za kukaa Addis zingefuta siku kumi zote za Likoni na kumpeleka hotelini akiwa na risiti zake mkononi. Doha ilikuwa salama. Qatar ilitoka kwenye orodha Agosti 8. Nauli ya Addis ilikuwa nafuu. Ndiyo hivyo, nafuu yenyewe ndiyo iliyotia shaka.

Likoni walikaa vizuri, sina mengi ya kusema. Mtoto aliwapenda binamu zake, akajifunza kuvuka feri bila kushikwa mkono, akarudi Uingereza anasema “sasa hivi” kwa lafudhi ya Mombasa.

Jumatano tarehe 29 mama akapimwa tena, kwa kanuni ya Uingereza ya siku tatu kabla ya kuondoka. Siku, si saa, na hapa napo watu walijichanganya kwa sababu mashirika mengi ya ndege yalizungumza habari ya saa 72. Alhamisi mchana akanitumia cheti kwa WhatsApp. Nina mazoea ya kusoma cheti pembeni ya pasipoti, herufi kwa herufi, kidole hapa kidole pale, kama anayehakiki noti bandia. Jina sawa, yote matatu, kwa mpangilio uleule. Tarehe ya kuzaliwa sawa. Namba ya pasipoti: tarakimu mbili za mwisho zimepishana, 47 badala ya 74. Alirudi maabara na feri ya saa tisa, wakamrekebishia bila maneno. Kosa kama hilo likionekana Ijumaa usiku uwanjani, maabara imefungwa, ungefanya nini?

Tulijaza na fomu ya abiria, ambayo ilikubali kujazwa ndani ya saa 48 kabla ya kufika, wala haikukamilika bila namba ya kipimo cha siku ya pili baada ya kufika, kilicholipiwa mapema, chake na cha mtoto. Palipoulizwa nchi alizokuwamo kwa siku kumi, tuliandika Kenya na Qatar. Kuna waliokuwa wakinishawishi “niifiche tu Tanzania”. Niliwaonyesha adhabu waliyoitangaza wenyewe kwa anayedanganya kuhusu nchi nyekundu: kifungo hadi miaka 10. Safari hii hatukuficha kitu. Tanzania ilikuwa nje ya siku kumi kihalali.

Ijumaa walipanda treni ya asubuhi kutoka Mombasa. Kenya ilikuwa bado na kafyu, saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, kwa hiyo nilimtaka awe uwanjani mapema jioni. Na hapo kaunta ya Nairobi ndipo tulipokaribia kukwama, kwa jambo ambalo sikulifikiria kabisa.

Kijana wa kaunta alichukua pasipoti, akaona ni ya Tanzania. Akauliza: “Karatasi ya hoteli ya karantini iko wapi?” Dada akamweleza. Kijana akatikisa kichwa: Tanzania ni nyekundu. Akamweleza tena, kwamba nyekundu ni nchi unayotoka, si kitabu unachobeba. Akaambiwa asubiri pembeni. Msimamizi akaja, mama wa makamo, miwani imeshuka puani. Akafunua pasipoti ukurasa kwa ukurasa hadi kwenye mhuri wa Lunga Lunga. Akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akahamia mkono wa pili, akafika kumi. Akahesabu tena akianzia tarehe 20, kisha akianzia 21. Akaomba simu ya dada, akatazama tiketi ya matatu na risiti ya duka la dawa la Likoni. Dakika arobaini. Nyuma yao foleni inaguna na mtoto ameketi juu ya begi anakula mabuyu.

“Haya,” msimamizi akamwambia yule kijana, “huyu ni wa Kenya.”

Nimewahi kusikia watu wakisema hakimu wa safari zile alikuwa afisa uhamiaji wa Heathrow, uwanja wa ndege wa London. Sivyo. Heathrow dada aliulizwa swali moja, ametoka wapi, akapita. Hakimu alikuwa kijana wa kaunta, ambaye shirika lake likimpandisha abiria asiye na karatasi sahihi linatozwa faini, hivyo akiwa na shaka ni rahisi kwake kukuacha kuliko kukubeba. Huyo ndiye wa kuandaliwa ushahidi. Tulikuwa tumebeba sheria kichwani; kilichotuvusha ni mhuri na risiti ya dawa ya kikohozi ya mtoto.

Tulipokaa kupiga hesabu baadaye, tofauti ya nauli, vipimo vitatu vya huku, vipimo viwili vya kule, treni na matumizi ya Likoni havikufika nusu ya bei ya hoteli. Mshahara uliopotea siuweki, maana hotelini pia angeupoteza. Kwa hiyo ninasema uamuzi ulikuwa sahihi. Kosa langu la kutompima mtoto lilikaribia kuuharibu, na kama yale majibu yangetoka Jumatatu mchana, leo ningekuwa naandika kisa kingine.

Alhamisi tarehe 7 Oktoba, siku tano baada ya yeye kufika, Uingereza ikatangaza kuziondoa nchi 47 kwa mpigo. Zikabaki saba tu, zote za Amerika ya Kusini, Amerika ya Kati na Karibiani. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizotoka, pamoja na Kongo, Burundi, Rwanda na Uganda, kuanzia Jumatatu tarehe 11.

Tarehe 11 ndiyo ilikuwa arobaini ya mjomba. Nilikwenda Tanga. Baada ya hitima dada alipiga simu ya video kutoka chumba cha mapumziko kazini kwake, amevaa sare, akaomba simu izungushwe aone nani na nani wamekuja. Ilipofika kwa mama yake, bibi aliishika kwa mikono miwili, akaitazama sana, halafu akaniuliza mimi kama sasa mtu akitoka huku anakwenda moja kwa moja. Nikamwambia ndiyo, tangu leo alfajiri. Akanirudishia simu.